Mguu wa Melesio

Karatasi zilipokwisha kabisa, studio ya katuni iligeuza za zamani. Hakuna aliyeshangaa. Mwaka ule Havana nzima ilikuwa imegeuzwa: mapazia yalikuwa magauni, kahawa ilikuwa nusu njegere za kukaanga, na watu wenye shahada walifuga nguruwe bafuni. Kwa nini karatasi ya kuchorea ikae na mgongo mweupe bila kazi?

Kwa hiyo Eneida Bacallao, mchoraji mkongwe kuliko wote pale, alipopewa kazi ya kindi wa tangazo la biskuti, alipewa pia boksi la karatasi zilizokwisha kuchorwa upande mmoja, na raba. Sheria ilikuwa nyepesi: futa kwanza mchoro wa zamani, ndipo uchore mpya nyuma yake. Usipofuta, ukiwasha taa iliyo chini ya kioo cha meza, michoro miwili inagombana kama wanawake wawili kwenye jiko moja, na wapaka rangi hawajui wafuate mstari wa nani.

"Ukikutana na sura unazozijua usizitazame sana," Chela alimwambia akilitua boksi mezani. "Futa tu, shoga, kama unavyofuta vumbi. Mimi huko bafuni nikianza kuwaangalia machoni nitalia mpaka nijaze beseni, na maji yenyewe ya mgao."

Chela alikuwa mkuu wa wapaka rangi, ingawa rangi alikuwa hajaipaka siku nyingi. Kazi yake sasa ilikuwa kuosha. Kila mchoro wa katuni hunakiliwa kwenye plastiki angavu, wenyewe wakiita aseteti, ukapakwa rangi kwa nyuma, ukapigwa picha mmoja mmoja mpaka filamu itimie. Zamani aseteti zilikuja kwa meli kutoka kwa nchi rafiki, pamoja na karatasi za Wajerumani na rangi za Wacheki. Kisha nchi rafiki zikaanguka moja baada ya nyingine, na meli zikakoma. Tangu hapo aseteti za kila filamu iliyokwisha kupigwa zilipelekwa kwenye bafu la marumaru, Chela na wenzake wakazikunjia mikono na kuzisugua mpaka zikawa tupu. Askari, malkia, vipepeo, wote waliteremka kwenye bomba moja.

Bafu hilo lilikuwa la tajiri wa sukari aliyekimbia mapinduzi kwa ndege, akaacha jumba zima pale Vedado na sabuni ikiwa bado imelowa. Vijana waliokabidhiwa jumba waliweka meza za kuchorea sebuleni na kamera kwenye chumba cha nguo cha bibi mwenye nyumba. Filamu yao ya kwanza ilihusu mbu na maji yaliyotuama. Ya pili ilihusu herufi zilizogombana usiku kucha, asubuhi zikapatana na kuwa neno. Watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma waliitazama wakacheka na kulia pamoja. Eneida alikuwa msichana mdogo wakati huo, akichonga penseli za wakubwa. Wakubwa wale wengine walikufa, wengine waliondoka, na studio ikabaki na kilichoipa jina kisiwa kizima, yaani Melesio.

Melesio alikuwa jutía, mnyama wa vichakani aliye kama panya buku mwenye heshima zake. Alivaa kofia ya nyasi na viatu vilivyompwaya, na kila baada ya hatua chache aliinua mguu, akaruka karuko kadogo, akaendelea na safari. Karuko hako ndiko kalikomfanya Melesio. Kuna mwaka ambao hakukuwa na mtoto Kuba aliyekwenda shule bila kuruka hivyo njiani, na walimu waliandika malalamiko.

Sasa, karuko hako hakakutoka kichwani mwa Eneida. Kalitoka miguuni mwa mwanawe.

Osniel alikuwa na miaka mitano. Viatu vya watoto vilitolewa kwa kitabu cha mgao, jozi moja kwa mwaka, na mama mwenye akili alichukua namba kubwa ili mtoto avikulie. Mguu wa kushoto wa Osniel ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa kulia, basi kiatu cha kushoto kilimvuka kisigino kila mara. Badala ya kusimama akirekebishe, mtoto aliruka kidogo ili kisigino kirudi mahali pake. Alifanya hivyo bila kujua. Eneida alimwona akitoka kununua mkate, akasimama dirishani na mwiko mkononi mpaka maharage yakaungua.

Kesho yake ofisini alifanya wanavyofanya wachoraji wote wa katuni. Alivaa viatu vya mwanamume mmoja, akasimama mbele ya kioo kikubwa cha sebuleni na kurukaruka, huku akichora alichokiona kwenye kioo. Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu. Kumbe kioo kilimchezea. Mguu aliouinua yeye ulikuwa wa kushoto, ila Melesio aliyetoka kwenye penseli alikuwa anaruka na wa kulia. Hakuna aliyegundua mpaka siku ya onyesho la kwanza, sinema imejaa, Osniel akasimama juu ya kiti na kupiga kelele:

"Mama! Umenikosea mguu! Wangu ni huu!"

Ukumbi mzima ulicheka. Filamu ilikuwa imekwisha kupigwa, na filamu si daftari useme utararua ukurasa. Eneida alimwahidi kwamba ijayo atamrekebishia. Lakini ijayo ilipofika, watoto wa nchi nzima walikuwa wameshajifunza kuruka na mguu wa kulia, na mkurugenzi, Evaristo Lemus, alikataa kata kata kuwachanganya. Ahadi ikalala. Osniel alikua, akaota ndevu, akawa fundi wa feni, na kila alipotaka kumchokoza mama yake aliuliza swali lilelile:

"Bi mkubwa, lini utanirudishia mguu wangu?"

"Nenda zako. Mtu mwenye miguu miwili analia nini?"

"Mmoja umewapa Wakuba wote."

Walikuwa wao wawili tu. Baba yake alihamia Holguín kwa mke mwingine, na barua zake zilikuja kama mvua ya kiangazi.

Agosti ile serikali iliposema anayetaka kwenda Marekani na aende, vijana walianza kuteremka ufukweni mchana kweupe wamebeba mipira ya matairi ya lori, mapipa na milango ya nyumba zao ya kuundia vyelezo. Siku moja Osniel alipita sebuleni mwa mama yake akasema anakwenda ufukweni Cojímar kumsaidia rafiki kubeba matairi, asimsubiri kula. Eneida alikuwa anamenya viazi. Alisema "haya" bila kuinua macho. Alipoinua, aliona mgongo tu ukikunja kona, buti za mjomba wake zikimpwaya kama kawaida, maana hata ukubwani mtoto yule hakuwahi kuvaa kiatu cha namba yake. Mwanamke aliyetumia maisha yake kutazama jinsi viumbe wanavyotembea hakumtazama mwanawe akitoka, na jambo hilo lilimla kuliko yote.

Osniel hakurudi. Redio ya ng'ambo ilisoma majina ya waliookolewa baharini. Mtaa mzima ulikaa kuisikiliza, milango wazi, mtu akisikia jina la ndugu yake anapiga yowe la furaha, na wenzake wanamkumbatia huku wakiwa wamewaka wivu. Jina la Osniel halikusomwa. Majirani walisema majina mengine hupotea, mengine hukosewa herufi, na watu wengine wapo kwenye kambi za Wamarekani na hawana namna ya kuandika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Eneida alikuwa akiungoja mshindo huo kila alfajiri. Chela alimvusha ghuba mpaka Regla, wakampelekea Bikira Maria wa kanisa la pale tikiti maji na asali ya miwa kwa ajili ya mambo ya bahari. Bikira alipokea akanyamaza.

Ndipo Eneida alipotaka kuiona tena filamu ya kwanza ya Melesio, amwone mwanawe akitembea, hata kwa mguu usio wake. Alishuka ghalani. Kwa kuwa umeme ulikatika kila siku, vipoza hewa vya ghala vilikuwa vimekufa, na alipofungua mkebe alipigwa na harufu ya siki. Ndivyo filamu inavyooza, kwa kunuka kachumbari. Ndani ilikuwa imejikunja na kugandamana. Aliufunga mkebe, akapanda ngazi, akarudi mezani kwake bila kumwambia mtu.

Sasa alikuwa na boksi la karatasi mbele yake na kindi wa biskuti wa kuchora.

Kazi hiyo ililetwa na Mhispania mmoja, bwana Arrieta, mnene, mchangamfu, anayetoka jasho mpaka kwenye kope. Kampuni yake iliuza biskuti na ilitaka tangazo la kindi anayetembea msituni akitafuta kokwa, mwishowe akute biskuti. Mgeni njoo mwenyeji apone: mbali na malipo ya studio, kila mfanyakazi angepata mfuko wenye mafuta ya kupikia, sabuni na kopo la nyama. Kwa mfuko huo mwaka ule, watu wangechora kindi akicheza dansi kwenye mazishi.

"Litaonyeshwa Hispania," Evaristo alitangaza kikaoni, akinyoosha vidole kama anayehesabu baraka. "Litaonyeshwa Venezuela. Na kwa wale wenzetu waliohamia Miami."

Eneida aliwasha taa ya meza. Akachukua karatasi ya kwanza boksini, akaiweka kifudifudi, upande mweupe juu. Alikuwa ameshashika raba. Kutoka chini, ndani ya mwanga, Melesio alimtazama.

Alikuwa yeye, wa filamu ya kwanza kabisa, kwa penseli laini aliyokuwa akitumia enzi zile. Eneida alichukua karatasi ya pili, na ya tatu, akazitia zote kwenye vishikizo vya meza, kisha akazipepesa kwa vidole kama wafanyavyo wachoraji, harakaharaka, kutoka ya chini hadi ya juu. Melesio akatembea. Alikuwa anaonekana kwa nyuma, basi kilichokuwa kulia kilikuwa kushoto. Alikwenda hatua chache, akainua mguu wa kushoto, akaruka.

Alikuwa Osniel. Si Melesio wa sinema aliyekosewa mguu. Alikuwa mwenyewe, anakwenda kununua mkate.

Eneida alikaa ameshika raba mpaka ikalowa jasho mkononi. Kisha akaiweka chini. Kama mtoto yuko hai, aliwaza, yuko mahali penye televisheni. Wamarekani hata jela zao zina televisheni. Dunia nzima wanamjua Melesio wa mguu wa kulia. Wa kushoto wanamjua watu wawili. Akimwona kindi wa biskuti anaruka hivi, atajua bi mkubwa amemrudishia mguu wake, na atapiga simu.

Alimchora kindi juu ya hatua za Melesio, mguu kwa mguu. Hakufuta chochote.

Majuma yalipita. Chela alipopata michoro ya kunakili alikuja nayo juu, kaishika kwa ncha za vidole.

"Wewe, hizi hukufuta. Wasichana wangu wanachora kindi mwenye kofia ya nyasi."

"Waambie wafuate mstari mweusi."

Chela aliipepesa ile michoro, mara moja, mara ya pili. Alikuwa amempaka Melesio rangi maisha yake yote. Uso wake ulibadilika polepole.

"Eneida," alisema, "huu mguu..."

"Fuata mstari mweusi, shoga yangu. Nakuomba."

Chela alikwenda akawakalia wapaka rangi wake kooni mpaka mstari mweusi ukafuatwa.

Balaa liliingia pale bwana Arrieta alipokuja kutazama jaribio la kwanza, penseli tupu, kwenye ukuta mweupe wa sebule. Alitazama mara mbili huku akijipepea na kofia.

"Kindi wenu anachechemea," alisema.

"Si anaruka tu?" Evaristo alijaribu.

"Anachechemea, rafiki yangu. Wateja watadhani biskuti zetu zinavunja miguu. Mnyoosheni huyo."

Mhispania alipotoka kuvuta sigara, Evaristo alivuta kiti akakaa mbele ya Eneida. Walikuwa wamechongeana penseli ujanani. Alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na kuomba omba maofisini, na wema uliochoka una ukali wake.

"Mnyooshe," alisema.

"Simnyooshi."

"Eneida, usinifanyie hivi. Watu hapa wamekonda kama penseli. Mke wa mpiga picha anasubiri lile kopo la nyama kuliko anavyomsubiri Masihi. Kwa ajili ya karuko?"

"Ni ka Osniel."

"Najua ni ka Osniel! Nchi nzima inajua. Ndiyo maana..."

"Hujui. Melesio nilimkosea mguu, na wewe ukanikataza kumrekebisha. Huu ndio wenyewe. Ukionyeshwa huko Miami, akauona, atajua ni mimi." Alizipanga sawa karatasi zilizokuwa mbele yake. "Sina anwani yake, Evaristo. Sina wa kumtuma. Sina kingine. Nina kindi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye Evaristo alikuwa na binti aliyekuwa akimnong'onezea mama yake habari za matairi. Mwishowe alisimama na kutoka. Walimsikia barazani akimwambia Mhispania kwamba katuni si ya kuhukumiwa na watu wazima wawili wenye vitambi, kesho waitwe watoto.

Wakaitwa. Watoto wa wafanyakazi na wa mtaani walikalishwa sakafuni, kila mmoja na kikombe cha maji ya sukari, kindi akaonyeshwa ukutani. Akatembea, akaruka. Watoto walitazama kimya. Kisha taa ikawashwa, wakaambiwa waende, na kutoka mlangoni hadi kwenye lango la bustani hakuna hata mmoja aliyetembea sawasawa. Waliruka wote, wakigongana, wengine wakimwaga maji ya sukari.

Bwana Arrieta alicheka mpaka akahitaji kiti. "Basi achechemee," alisema. "Achechemee mpaka kwenye benki."

Mifuko ikagawiwa. Tangazo likaenda. Kwa miezi kadhaa Eneida alikuwa mtu mwingine. Alipaka mdomo rangi, alimwimbia Chela nyimbo za ujana wao, na simu ya studio ikilia aliacha penseli ikaviringika hadi sakafuni. Simu ilikuwa kwenye ngazi, karibu na bafu, na Chela ndiye aliyeipokea. Wizara. Kampuni ya umeme. Mtu amekosea, anatafuta zahanati. Kila mara Chela alitikisa kichwa kabla hajaulizwa, na Eneida alirudi kukaa.

"Labda hapendi biskuti," Chela alisema siku moja, akijaribu utani.

"Alikuwa anakula hata makombo ya mfukoni," Eneida alijibu, wakacheka wote wawili, kisha wakaangalia pembeni.

Mwaka uligeuka. Alasiri moja ya joto, umeme umekatika, wachoraji wamesogeza meza madirishani, simu ililia. Chela alipokea kwa mkono wenye povu. Alisikiliza. Safari hii hakutikisa kichwa.

"Eneida. Miami."

Alishuka ngazi akishikilia ukuta. Sauti iliyokuwa kwenye simu ilikuwa ya kijana, ya Kihavana kabisa, na haikuwa ya Osniel.

"Ni mama yake Osniel? Yule anayechora Melesio?"

"Ndiye. Wewe nani, mwanangu?"

"Naitwa Fermín, mama. Tulikuwa chelezo kimoja." Bahari yote ikavuma ndani ya waya. "Shangazi yangu ndiye aliyenitafutia namba hii. Samahani. Ningepiga zamani. Nilikaa kambini, kisha nikaja huku, na kila siku nilisema kesho. Sikuwa na moyo. Nilijiambia labda ameshaambiwa na mtu mwingine, labda ameshazoea. Halafu juzi, kwenye televisheni, limetokea tangazo la biskuti. Kindi. Akaruka na mguu wa kushoto."

Chela alikuwa amesimama karibu, maji yakimtiririka viwikoni.

"Osniel alituhadithia kule ufukweni," Fermín aliendelea. "Alisema Melesio ni yeye, tukamcheka, tukamwambia kila Mkuba ni Melesio. Akasema, lakini bi mkubwa alinikosea mguu, wangu ni wa kushoto. Akalegeza kamba za kiatu akatuonyesha. Tulicheka, mama, hata woga ukatutoka. Basi nilipomwona yule kindi nilijua. Nikasema, mama yake bado anamwita. Nikaona siwezi kukaa kimya tena."

"Niambie," Eneida alisema.

"Mpira mmoja ulilegea. Bahari ilikuwa imechafuka. Alishuka kuufunga, yeye ndiye aliyekuwa fundi kati yetu. Tulimshika kwa kamba. Wimbi likaja, na kamba ikarudi peke yake." Kijana alikuwa analia. "Tulimwita mpaka sauti zikatukauka. Nisamehe, mama."

"Huna kosa, mwanangu."

"Alivua viatu kabla hajashuka, akanipa nimshikie. Nilifika navyo. Ninavyo hapa."

Eneida alifumba macho. Ukuta wa ngazi za tajiri wa sukari ulikuwa baridi mgongoni.

"Buti za mjomba wake?"

"La, mama. Viatu vyeusi vya kamba. Alibadilishana na mtu kule Cojímar kwa feni yake. Alisema hataki kufika ugenini akirukaruka."

"Vilikuwa vinamtosha?"

"Mama?"

"Viatu. Vilikuwa vinamtosha, au vilimpwaya?"

"Vilimtosha," Fermín alisema. "Vilimtosha sawasawa. Alifurahi navyo mno."

Eneida alimshukuru, akamwambia ale vizuri na amwandikie mama yake, akarudisha simu mahali pake kwa mikono miwili. Juu, wachoraji wote walikuwa wamesimama, Evaristo mbele yao. Hakuna aliyeuliza. Alipita katikati yao mpaka kwenye rafu, akalivuta boksi la kindi, ambalo kwa sheria ya studio lilikuwa likingoja kufutwa pande zote mbili, na ambalo Evaristo, kwa sababu zake, hakuwa amemruhusu mtu yeyote kuligusa.

Umeme ulikuwa bado umekatika. Alikwenda na karatasi dirishani, akaziinua dhidi ya jua na kuzipepesa. Kindi na Melesio walitembea pamoja, mmoja ndani ya mwingine, hatua kwa hatua, wakaruka na mguu wa kushoto, wakatembea, wakaruka, mpaka karatasi zikaisha. Akazipepesa tena kutoka mwanzo. Mara ya tatu vidole vilikataa.

Ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu Agosti ile. Chela alimpokea kifuani akiwa na mikono yake iliyolowa.

"Nimemrudishia mguu wake, Chela," alikuwa akisema. "Na hakuuona."